Barua ya Wazi kwa Wachungaji na Wazee wa Kanisa: Bidii Yangu Haiondoi Ngazi Zenu

Kwa: Wachungaji, Wazee wa Kanisa na Wajumbe wa Kamati ya Ujenzi
Nakala: Waumini wote

Waheshimiwa watumishi wa Mungu,

Bwana Yesu asifiwe.

YAH: WAUMINI WENYE ULEMAVU NA NAFASI YAO KATIKA NYUMBA YA MUNGU

Mimi ni muumini wa kanisa letu kwa mwaka wa 27 sasa. Nilipooza miguu yote miwili kwa polio nikiwa na umri wa miaka 4, nikatembea kwa magongo kwa zaidi ya miaka 30, na leo natumia kiti cha magurudumu kwa sababu mabega yangu yamechakaa kwa kufanya kazi ya miguu. Naandika hadharani baada ya kuandika faraghani mara 3. Barua ya kwanza niliipeleka ofisini kwa mkono wangu, ya pili nilimkabidhi mzee wa kanisa wa mtaa wetu, na ya tatu niliituma kwa kamati ya ujenzi ilipotangazwa kwamba ukumbi utakarabatiwa. Hakuna hata moja iliyojibiwa kwa maandishi. Jibu pekee nililopata lilikuwa la mdomo, baada ya ibada, nikiwa nimeshikwa bega: "Dada yetu, wewe ni shujaa, Mungu anakutumia sana."

Nimelitafakari jibu hilo kwa miezi mingi, maana lilitoka kwa mtu ninayemheshimu, na najua alilisema kwa upendo. Lakini nilikuwa nimeuliza habari za mlango, nikajibiwa habari za ushujaa. Ninalotaka kusema katika barua hii ni hilo tu, na mengine yote yanatoka humo: bidii ambayo Mungu amenijalia mmeipokea kana kwamba imelipa deni lililokuwa lenu.

Naomba kuyataja malalamiko yangu moja baada ya jingine.

1. Ngazi 11 za mlango mkuu. Ngazi hizo nazijua kuliko fundi aliyezijenga. Ya tatu imemeguka ukingoni upande wa kulia, hivyo gongo la kulia lazima liwekwe ndani zaidi. Ya saba imezidi wenzake kwa kimo, na mwili usipoikumbuka mapema hukwama hapo. Mvua ikinyesha, mpira wa ncha ya gongo huteleza juu ya vigae kana kwamba vimepakwa sabuni, nami nimeanguka hapo mara 4, mara moja nikiwa nimevaa sare ya kwaya, mbele ya watu waliokuwa wakiingia ibadani. Kwa miaka mingi nilizipanda huku nikilikariri lile neno la Paulo kwa Wafilipi, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", nikipumzika kidogo kila baada ya ngazi. Siidharau bidii ile. Ilikuwa sala yangu ya kwanza ya kila Jumapili, na Mungu aliipokea.

Mabega yalipokataa, ndipo nilipoanza kubebwa. Wahudumu vijana 4 hukiinua kiti pamoja nami ndani yake, nao hufanya hivyo kwa moyo mweupe, na nawashukuru mbele ya kanisa zima. Hata hivyo, naomba mfahamu kubebwa kulivyo. Kiti hulala nyuma, macho yangu yakabaki kwenye dari ya baraza, mkono mmoja ukashikilia sketi isipande na mwingine ukashikilia chuma. Jumapili moja kijana mmoja alishika kipande cha kuegemezea mkono, ambacho kimetengenezwa ili king'oke, nacho kiking'oka, kiti kikapinda upande wake na nikaona ukingo wa ngazi ukinijia usoni. Walinidaka. Lakini tangu siku hiyo zipo Jumapili ambazo nimevaa, nimejiandaa, nimefika hadi mlangoni pa nyumba yangu, kisha nikageuka nikarudi ndani. Bidii ya kuamka ninayo na imani ninayo. Nguvu ya kuwa mzigo wa watu 4 kila wiki ndiyo imeniishia.

2. Ushuhuda wetu unatumika, utumishi wetu haukubaliki. Kila sikukuu ya shukrani naombwa nisimulie nilivyosoma kwa shida, nilivyopata kazi, nilivyolea watoto. Kwa kuwa jukwaa la madhabahu lina ngazi 2 na halina njia nyingine, kipaza sauti huletwa chini, nami huzungumza nikiwa nimewatazama watu waliosimama juu yangu. Watu hulia, hupiga makofi, na mhubiri huniita kielelezo kwa wale wanaolalamika ilhali wana miguu miwili. Sina kinyongo na machozi hayo. Lakini mimi ni mhasibu kwa miaka 19, na jina langu lilipopendekezwa katika uzee wa kanisa, niliambiwa kwa upole kwamba kazi hiyo ina mizunguko mingi, wakanionea huruma. Sikuwahi kuulizwa kama naweza. Hata kusoma somo la Jumapili sijapangiwa, kwa sababu mimbari iko juu ya zile ngazi 2.

Hapa naomba turudi kwenye andiko ambalo sote tumelihubiri nusu. "Nayaweza mambo yote" ni Wafilipi 4:13, nalo limeandikwa kwenye kalenda, kwenye fulana na kwenye kuta za vyumba vyetu. Mstari unaofuata, wa 14, hauandikwi popote. Katika mstari huo Paulo, akiwa kifungoni, anawaambia Wafilipi kwamba walifanya vema kuishiriki dhiki yake, na katika mstari wa 18 anakiri kwamba amepokea vitu vyao kwa mkono wa Epafrodito, mtu ambaye kwa safari hiyo aliugua karibu ya kufa. Mtume aliyeweza mambo yote hakuona haya kusema ni nani aliyemsaidia, na Wafilipi nao hawakusema kwamba kwa kuwa anaweza yote hahitaji kitu. Mimi mmenipa mstari wa 13, na ule wa 14 nausubiri.

Tunapenda pia kuwataja watu wa Mungu walioshinda hali zao. Fanny Crosby alipofuka akiwa mtoto mchanga, na kabla ya kufa mwaka 1915 alikuwa ametunga zaidi ya nyimbo 8,000 za kumsifu Mungu, nyingine tunaziimba katika ibada zetu hadi leo. Alizitunga kichwani, naye akazitamka, wengine wakaziandika. Palikuwa na mkono ulioshika kalamu. Joni Eareckson Tada alivunjika shingo mwaka 1967 akiwa na umri wa miaka 17, akapooza mikono na miguu, akajifunza kuchora kwa kalamu iliyoshikwa kwa meno. Tunamhubiri kama mfano wa bidii, na anastahili, lakini mwaka 1979 mama huyo alianzisha huduma ambayo pamoja na mengine hupeleka viti vya magurudumu kwa watu wasio navyo. Bidii yake hakuigeuza kuwa kipimo cha kuwahukumu wenzake. Aliigeuza kuwa viti.

3. Maombezi yanayofanywa juu yetu bila kutuuliza. Naandika sehemu hii kwa machozi, nami nataka nieleweke: naamini Mungu anaponya. Nimeona wagonjwa wakiinuka, nami mwenyewe nimeombewa na watu waliofunga kwa ajili yangu, na maombi yao yamenishikilia. Ninalolalamikia ni lile lililotokea katika mkutano wa injili uliofanyika ukumbini mwetu, wakati bado natumia magongo. Mhubiri mgeni alishuka jukwaani, hakuniuliza jina wala haja yangu, akanyakua magongo yangu mawili, akayatupa kando na kuniamuru nitembee. Nilianguka kifudifudi. Nakumbuka ubaridi wa sakafu shavuni na viatu vyake vyeusi karibu na uso wangu, na sauti yake kwenye kipaza sauti ikisema kwamba uponyaji ulikuwepo ila imani ya mhusika ilikuwa ndogo. Aliyeniletea magongo yangu alikuwa mtoto wa shule ya Jumapili. Hakuna kiongozi aliyekuja nyumbani kwangu wiki ile, wala iliyofuata.

Watumishi wa Mungu, ninyi ndio mliotufundisha Maandiko. Wanafunzi walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule azaliwe kipofu, Bwana alijibu katika Yohana 9:3, "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake." Bartimayo alipopaza sauti njiani, Bwana aliyejua yote alimwuliza kwanza anataka afanyiwe nini. Paulo aliomba mara 3 mwiba uondolewe, akaambiwa, "Neema yangu yakutosha, maana uweza wangu hutimilika katika udhaifu", na hakuna aliyemwambia kwamba imani yake ni ndogo. Mefiboshethi, aliyeangushwa na yaya wake akiwa na miaka 5, aliletwa na Daudi akala mezani pa mfalme siku zote, na sura hiyo inafunga kwa kusema kwamba alikuwa kiwete miguu yote miwili. Aliketi mezani akiwa bado kiwete, naye mfalme hakumwekea sharti la kupona kwanza.

4. Wenzangu ambao hamwaoni. Nimezungumza habari za miguu kwa sababu ndiyo niijuayo. Lakini wapo viziwi 3 ambao walikuja kwa miezi kadhaa wakaacha, kwa kuwa hapakuwa na mkalimani wa lugha ya alama na hawakupata hata neno moja la mahubiri. Yupo kijana asiyeona ambaye huomba asomewe tenzi nyumbani usiku wa Jumamosi ili azikariri, maana kitabu cha nukta nundu hatuna. Na yupo mama mwenye mtoto mwenye usonji aliyeombwa akae nje kwa sababu mtoto anapiga kelele wakati wa sala. Mama huyo haji tena. Torati inasema katika Mambo ya Walawi 19:14, "Usimlaani kiziwi, wala usitie kwazo mbele ya kipofu." Sisi hatuwalaani. Kwazo ndilo hatujaliondoa.

Najua majibu yatakayotolewa, kwa sababu mengine nimeshayasikia.

Litatolewa jibu la fedha. Ukumbi umekarabatiwa mwaka jana: vigae vimebadilishwa, jukwaa limeinuliwa, vipaza sauti vipya vimefungwa. Yote hayo ni mema na nilichangia. Lakini barua yangu ya tatu ilikuwa mezani penu kabla fundi hajaanza, na wakati huo njia mteremko ingekuwa mstari mmoja tu kwenye mchoro. Kwa hiyo naomba tusiseme kwamba fedha hazikuwepo. Tuseme kwamba hatukuwakumbuka watu hawa, kisha tutubu, maana kusahau kunatubiwa na kurekebishwa.

Litatolewa jibu kwamba sisi ni wachache. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba watu wapatao bilioni 1.3, yaani asilimia 16 ya watu wote duniani, wana ulemavu mkubwa wa namna fulani. Ni karibu mtu 1 katika kila 6. Kama kanisani kwetu hamuoni mmoja katika sita, tafuteni kwanza walikozuiliwa.

Wapo pia watakaofungua Walawi 21, palipoandikwa kwamba kuhani mwenye kilema asikaribie madhabahu. Nawaomba wasome hadi mstari wa 22, unaompa mtu huyohuyo ruhusa ya kula chakula cha Mungu wake, kilicho kitakatifu sana. Kisha wakumbuke kwamba kuhani wetu mkuu leo ni Kristo, ambaye alifufuka akiwa na makovu na kumwambia Tomaso ayaguse. Hata Kanisa Katoliki, ambalo sheria yake ya mwaka 1917 ilihesabu kasoro za mwili kuwa kizuizi cha daraja takatifu, yaani cha kuwekwa wakfu kuwa padre, liliondoa kizuizi hicho katika sheria mpya ya mwaka 1983.

Jibu linalonisumbua zaidi ni la mwisho: "Wewe mbona umeweza? Na wengine wajitahidi." Hapa naomba mnivumilie, kwa sababu hapa ndipo penye moyo wa barua yangu.

Tazameni watu wawili waliopooza katika Injili. Wa kwanza yuko katika Yohana 5, kando ya birika. Amekuwa na ugonjwa wake kwa miaka 38, na hakuna anayeweza kumwambia kwamba hakujitahidi, kwa kuwa anasema mwenyewe kwamba kila anapokuja, mtu mwingine hushuka mbele yake. Maana yake bado alikuwa akijikokota kwenda majini, baada ya miaka yote hiyo. Bwana anapomwuliza kama anataka kuwa mzima, halalamiki kuhusu miguu yake. Anasema, "Mimi sina mtu." Bidii alikuwa nayo. Alichokosa ni mtu, na kando ya birika lile alizungukwa na watu.

Wa pili yuko katika Marko 2, naye Maandiko hayatuambii kwamba alijitahidi kwa lolote. Alikuwa na watu 4. Walipokuta mlango umejaa, hawakumwambia arudi kesho, wala hawakumsifu kwa uvumilivu wake. Walipanda juu ya nyumba, wakaitoboa dari, wakamteremsha. Injili haituandikii gharama ya dari ile wala haituambii mwenye nyumba alisema nini. Inatuandikia kwamba Yesu aliiona imani yao. Ni yao, watumishi wa Mungu, imani ya waliombeba na kubomoa. Kwa miaka 27 mmeipima imani yangu kwa jinsi ninavyopanda ngazi. Bwana aliipima imani ya wale wanne kwa jinsi walivyoishughulikia nyumba.

Na msije mkasema kwamba basi kubebwa kunatosha kwa kuwa wale nao walibeba. Walibeba siku moja, siku ambayo njia iliziba ghafla. Hawakuziba njia wenyewe kisha wakaweka zamu ya wabebaji kila wiki.

Kwa hiyo naomba mambo yafuatayo, na kila moja linawezekana.

Naomba mlango wa pembeni, ule wa karibu na chumba cha wazee, uwekewe njia mteremko kabla ya Pasaka ijayo. Mlango mkuu una ngazi 11 za wastani wa sentimita 15, yaani kimo cha sentimita 165 hivi, na kwa kipimo kinachokubalika na wengi cha 1 kwa 12, yaani sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kimo, ungehitaji njia ya karibu mita 20, bila kuhesabu sehemu bapa za kupumzikia. Najua hilo litachukua muda. Lakini mlango wa pembeni una ngazi 3 tu, kimo cha sentimita 45, na unahitaji mita 5 na sentimita 40. Nimepima mwenyewe kwa futi kamba, nikisaidiwa na binti yangu, na nafasi ipo. Mlango wenyewe una upana wa kutosha kiti kupita. Kinachozuia ni rafu ya viti vya plastiki iliyo nyuma yake, nayo inaweza kuhamishwa kwa asubuhi moja. Jukwaa la madhabahu nalo liwekewe njia yake, ili asiyeweza kupanda ngazi aweze kusoma Neno na kuhudumu Meza ya Bwana.

Naomba pia pawe na agizo la maandishi kwa kila mhubiri, mwenyeji na mgeni, kwamba hakuna mtu atakayeguswa mwili, gongo au kiti chake bila kuulizwa na kukubali, na kwamba hakuna atakayetangaziwa hadharani kuwa ana imani ndogo kwa sababu hakupona. Kuhusu yaliyonipata mimi, sidai fidia. Naomba kiongozi mmoja aje nyumbani tuzungumze na tuombe pamoja, kama ilivyopaswa kuwa wiki ile.

Naomba viziwi wale 3 watafutwe, na wanakwaya 2 au zaidi wapelekwe kujifunza lugha ya alama. Naomba yule mama mwenye mtoto atembelewe na aombwe radhi, kisha mtoto wake apewe mahali ndani, karibu na mama yake. Na uchaguzi wa wazee utakapofika, naomba jina la mtu mwenye ulemavu lijadiliwe kwa uwezo wake, na aulizwe mwenyewe kama ataiweza kazi. Mimi nikiulizwa, nitajibu kwamba nitaiweza.

Sitaliacha kanisa hili. Hapa ndipo nilipobatizwa, hapa nilifunga ndoa, na hapa nilimzika mama yangu. Sikukuu ya shukrani inayokuja mkiniita kutoa ushuhuda, nitakuja na nitausema kwa furaha, lakini nitaomba niusemee juu ya jukwaa. Nasubiri jibu lenu kwa maandishi ndani ya siku 30. Hadi njia itakapopatikana, Jumapili nitakazoweza kufika mtanikuta chini, kwenye kivuli cha baraza, na Biblia yangu mapajani. Atakayependa kuabudu pamoja nami huko chini karibu, naye mzee wa zamu naomba aniletee Meza ya Bwana.

Ni mimi dada yenu katika Kristo,

Muumini wenu, ambaye jina lake mnalo kwenye rejista ya washirika.